Neno Lisimezwe: Sauti na Usimamaji Unapowasilisha Biashara kwa Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama katika ukumbi mmoja mjini Tanga kuwasilisha mpango wa biashara wa kikundi cha wakulima wa mwani, mbele ya wajumbe saba ambao ndio waliokuwa na uamuzi wa kutukopesha au kutunyima. Hesabu zilikuwa zimekamilika, slaidi zilikuwa zimepangwa vizuri, na sentensi niliyoitegemea kuliko zote ilikuwa hii: "Kuanzia mwaka ujao hatutauza mwani mkavu, tutauza sabuni." Nilipomaliza, mjumbe aliyeketi mwisho wa meza aliuliza kwa nini tunaomba fedha za mashine ya sabuni ilhali tumesema tutaendelea kuuza mwani mkavu. Hakuwa amesinzia wala hakuwa na nia mbaya. Silabi moja, "ha", ilikuwa imepotea kati ya pumzi yangu ya haraka na mvumo wa pangaboi, na hoja nzima ikapotea pamoja nayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaandaa watu wa vikundi, wafanyabiashara wadogo na maofisa vijana wanaotakiwa kusimama mbele ya benki, halmashauri au wateja, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumekuwa tukijifunza ufundi huu kwa masikio ya kuazima. Mafunzo mengi yaliyotufikia yametungwa kwa ajili ya watu wanaozungumza Kiingereza, nayo hulinda sehemu ambazo Kiingereza huvunjika. Kiswahili kina sehemu zake dhaifu na nguvu zake, na mzungumzaji asiyezijua atafanya mazoezi mengi bila kugusa palipo na tatizo.

Mahali ambapo maana hupotea

Sehemu ya kwanza ni mwanzo wa kitenzi. Lugha yetu hubeba mtenda, ukanushi na wakati katika silabi mbili tatu za mbele, na silabi hizo hazina mkazo, kwa kuwa mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika "hatutalipa" sauti hupanda yenyewe kwenye "li", wakati uamuzi wote wa kulipa au kutolipa umekaa kwenye "ha", ambayo mtu mwenye haraka huitamka kama pumzi tu. Tofauti ya "tulilipa", "tunalipa", "tumelipa" na "tutalipa" nayo ni silabi moja katikati ya neno, na kwa mkopeshaji tofauti hiyo ndiyo anayoisikiliza. Chukua maandishi yako, pigia mstari kila kitenzi kinachobeba ahadi, deni au ukanushi, kisha kisome kwa sauti silabi kwa silabi mara tatu kabla ya kukirudisha katika mwendo wa kawaida. Usiongeze ukali kwenye "ha" au "si". Ipe muda wake kamili tu, sawa na silabi nyingine, nayo itasikika hadi nyuma. Pale ambapo ukanushi ndio kiini cha hoja, usiuache utegemee silabi moja: badala ya "hatutauza mwani mkavu" sema "tutaacha kuuza mwani mkavu", na hapo hata upepo wa pangaboi hautaweza kuigeuza maana.

Sehemu ya pili ni mwisho wa sentensi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu ya mwisho ikitoka wakati pumzi imekwisha, huwa kama taa iliyoishiwa mafuta. Wasemaji wengi huanza sentensi kwa nguvu, kisha hushuka taratibu, na kwa bahati mbaya Kiswahili cha biashara hupenda kuweka tarakimu, tarehe na masharti mwishoni: "marejesho ya kwanza yatafanyika mwishoni mwa mwezi wa sita." Ukiishiwa pumzi kwenye "mwezi wa", umewaachia wasikilizaji mwaka mzima wa kubahatisha. Dawa yake ni kugawa pumzi, na nitaieleza hapa chini.

Sehemu ya tatu ndiyo inayowadhuru sana vijana, nao wengi hawaijui. Katika Kiswahili, sentensi ya taarifa na sentensi ya swali zinaweza kuwa na maneno yale yale katika mpangilio ule ule, na kinachozitenganisha ni kiimbo peke yake. "Mtalipa kwa wakati" ikishuka mwishoni ni taarifa, na ikipanda ni swali. Sasa msikilize mtu mwenye wasiwasi anavyowasilisha: kila sentensi inapanda mwishoni kidogo, kama anayeomba kukubaliwa. "Tuna wateja arobaini? Mauzo yameongezeka? Tutarudisha mkopo kwa wakati?" Anadhani anatoa taarifa, kumbe masikio ya wajumbe yanapokea maswali, na mtu anayekuuliza kama atakulipa si mtu wa kukopeshwa. Jirekodi kwa simu, usikilize sentensi zako za ahadi tu, na kila inayopanda irudie mpaka itue. Kutua si kunong'ona. Sauti inashuka kimo huku ujazo wake ukibaki pale pale.

Jambo la nne ni nguvu tuliyopewa na lugha, nasi tunaiacha bure. Anayezungumza Kiingereza akitaka kusisitiza hupiga neno kwa sauti. Sisi tunaweza kufanya hivyo, lakini tunayo njia iliyo bora zaidi, nayo ni mpangilio wa maneno. Linganisha "Tutalipa mkopo huu kwa miezi kumi na minane" na "Mkopo huu tutaulipa kwa miezi kumi na minane", kisha na "Miezi kumi na minane ndiyo tutakayoitumia kulipa mkopo huu." Hakuna haja ya kupaza sauti katika sentensi ya tatu, sarufi imekwisha kufanya kazi hiyo, na wewe umebakiwa na jukumu la kutulia kidogo baada ya "minane". Kabla ya kufikiria kuongeza sauti, jiulize kama sentensi yenyewe imeweka neno kubwa mahali pake.

Pumzi, na deni tulilonalo kwa washairi

Sauti hutokea pale hewa inayotoka mapafuni inapopita kwenye nyuzi za sauti zilizomo ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, na kuzitetemesha. Nyuzi hizo, mtu anapozungumza kawaida, hutetemeka takribani mara 100 au zaidi kwa sekunde kwa mwanamume na takribani mara 200 kwa mwanamke. Mtu anayevuta pumzi kwa kuinua mabega hupata hewa kidogo na hukaza shingo, na shingo iliyokazwa huifanya sauti iwe nyembamba na yenye kukwaruza. Weka kiganja juu ya kitovu, uvute hewa taratibu kwa pua, na uone kama tumbo linatoka nje wakati mabega yametulia. Hapo kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kimeshuka na kuyapa mapafu nafasi.

Zoezi la kuirefusha pumzi hiyo tunalo nyumbani. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika ubeti, na kila mshororo una mizani, yaani silabi, kumi na sita, katika vipande viwili vya mizani nane nane. Chagua ubeti wowote unaoukumbuka tangu shule. Siku za mwanzo soma mshororo mmoja kwa pumzi moja, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya barabara, ukihakikisha kwamba kina cha mwisho kina nguvu sawa na mizani ya kwanza. Ukizoea, soma mishororo miwili kwa pumzi moja. Ukifika hapo una mizani thelathini na miwili mkononi, na hiyo inatosha kwa takribani sentensi yoyote ya biashara iliyotungwa vizuri. Ubeti mzima kwa pumzi moja unawezekana, ila ni wa kujipima. Mbele ya wajumbe hakuna atakayeuhitaji. Na wale waliolelewa chuoni wakisomeshwa Kurani kwa tajwidi, yaani kanuni za usomaji wake, wanajua tayari kwamba mahali pa kusimama ni sehemu ya usomaji wenyewe, na kwamba mtu akikata pumzi pasipo pake anaweza kuiharibu maana. Elimu hiyo ya vituo wasiiache mlangoni wanapoingia ukumbini kuzungumzia faida na hasara.

Ukishapata pumzi, weka alama kwenye maandishi yako: mkwaju mmoja (/) pale utakapovuta hewa kidogo, mikwaju miwili (//) pale utakaponyamaza kabisa. Ikiwa sentensi haipati mahali pa mkwaju kabla ya mizani thelathini, sentensi hiyo ni ndefu mno kwa masikio, hata kama inapendeza kwenye karatasi.

Kufanyia mazoezi chumbani kunasaidia kwa siku za mwanzo tu. Mimi huwapeleka ninaowaandaa ufukweni Raskazone alasiri, pepo zinapovuma, na kumsimamisha mwenzao hatua ishirini mbali. Msemaji haruhusiwi kupiga kelele. Anatakiwa kufungua kinywa zaidi, kuzipa irabu tano za Kiswahili umbo lake kamili, na kupunguza kasi mpaka mwenzake arudie sentensi yote bila kukosea. Wengi hugundua hapo kwamba kilichokuwa kikiwazuia kusikika ni taya lililokaza, wala si udogo wa sauti. Lafudhi yako usiifiche. Mdigo, Mbondei na Msambaa kila mmoja anaweza kusikika vizuri kwa ladha ya kwao. Kinachotakiwa ni kila silabi ifike.

Kasi na tarakimu

Utakuta imeandikwa mahali pengi kwamba msemaji mzuri hutamka maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Kipimo hicho ni cha Kiingereza, chenye maneno mengi ya silabi moja. Neno letu moja, "hatutawacheleweshea", lina silabi tisa na limebeba sentensi nzima. Kwa uzoefu wangu, maneno 90 hadi 110 kwa dakika ni mwendo mzuri wa uwasilishaji wa Kiswahili, kwa hiyo ukipewa dakika kumi usiandike zaidi ya maneno elfu moja, na afadhali yakiwa 900, ili ubaki na nafasi ya kunyamaza.

Tarakimu zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kwenye slaidi umeandika 18,500,000, lakini masikioni lazima iwe "milioni kumi na nane na laki tano", na usiisome mara ya kwanza ukiwa umesimama mbele ya watu. Asilimia, tarehe na bei zote ziandike kwa maneno katika nakala yako ya kusomea. Kisha jifunze kunyamaza kabla ya tarakimu, kwa sababu watu wengi hunyamaza baada yake, wakati imeshapita. Chukua habari inayomhusu kila mtu wa Tanga: mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62. Isome kwa mwendo mmoja, haitamgusa mtu. Sasa isome hivi: "Miche iliyotoka Florida ilikuwa elfu moja." Tua. "Iliyofika hapa ikiwa hai ni." Nyamaza kwa pumzi moja kamili. "Sitini na miwili." Kisha nyamaza tena, ndipo useme kwamba mashamba ya mkonge ya nchi hii yalianzia hapo. Kimya cha kwanza kimewafanya wasikilizaji waisubiri namba, na kimya cha pili kimewapa nafasi ya kuipima. Fanya vivyo hivyo kwa namba moja au mbili zilizo kubwa katika mpango wako, na nyingine zipite kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa kila kitu kikipewa kimya, kimya hakina kazi tena.

Kimya hicho hicho ndicho kitakachochukua nafasi ya "eeh", "yaani", "kimsingi" na lile swali lisilongoja jibu, "tuko pamoja?" Sisemi maneno hayo ni makosa katika mazungumzo ya barazani. Mbele ya wajumbe huonyesha kwamba msemaji anatafuta neno, na akirudia "tuko pamoja?" mara kumi watu huanza kushuku kwamba yeye mwenyewe anadhani hawako pamoja.

Ukumbi na kipaza sauti

Fika mapema kiasi cha kuweza kuzunguka. Simama utakaposimama, mwombe mtu aketi safu ya nyuma, na useme sentensi yako ya kwanza, si "haloo, haloo, moja mbili". Sikiliza mapangaboi, mara nyingi mwenye ukumbi atakubali kuzima lile lililo juu ya kichwa chako ikiwa umeomba kwa adabu kabla ya watu kuingia. Tazama madirisha, kwa kuwa mjini kwetu upepo wa bahari huingia na kelele za barabarani. Tazama pia saa. Ikiwa nafasi yako inakaribiana na wakati wa swala, jua kwamba adhana itasikika ukumbini, na uwe umepanga sentensi ambayo unaweza kuikata kwa heshima. Adhana ikianza, nyamaza, simama kwa utulivu, na ikiisha urudie sentensi ya mwisho kabla ya kuendelea. Anayeshindana nayo kwa kupaza sauti hupoteza masikio na mioyo kwa pamoja.

Kipaza sauti kishike umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo ili "p" na "b" zisilipuke, na kitembee pamoja na kichwa chako unapogeuka. Usikielekeze kwenye spika wala usisimame mbele yake, maana kitapiga mluzi. Umeme ukikatika, usisimame ukiomba radhi kwa ajili ya shirika. Sogea hatua tatu mbele, ngoja minong'ono ipungue, na uendelee kwa sauti ya Raskazone. Nimeona wawasilishaji wakipata usikivu mkubwa zaidi baada ya slaidi kuzimika, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliwatazama watu.

Kusimama mbele ya watu wazima

Salamu ni sehemu ya kazi, na ndani yake mna msaada wa kiufundi. Ukisema "Asalaam aleikum" au "Shikamooni wazee wetu, habari za asubuhi nyote", ukumbi hujibu, na jibu hilo linakueleza mambo mawili. Kama safu za nyuma zimejibu kwa uhafifu, sauti yako haijafika huko. Na wakati wanajibu, wewe unapata pumzi ya kwanza iliyo kamili, kwa hiyo ngoja jibu liishe, wengi huliparamia. Kwa upande wa wakuu waliopo, akiwepo mgeni rasmi mtaje kwa cheo chake na mwenyekiti vivyo hivyo, kisha "itifaki imezingatiwa" itawatosha wengine. Dakika mbili za vyeo katika dakika kumi ni hasara.

Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, uzito ukiwa katikati. Mtu anayeyumba kutoka mguu mmoja hadi mwingine hufanya watu watazame miguu. Tembea unapohama kutoka hoja moja kwenda nyingine, kisha simama tena. Ahadi na bei zisemwe ukiwa umetulia kabisa. Mikono iache wazi, mbele ya tumbo, na unapomwelekea mtu tumia kiganja chote cha kulia, usimnyooshee kidole. Kalamu, funguo na simu zibaki mezani.

Kuhusu macho, ushauri unaozagaa ni kumkazia kila mtu macho kwa sekunde kadhaa. Kwetu kijana anayemkazia macho mzee wa safu ya mbele anaweza kuonekana hana adabu, na anayeinamisha macho muda wote anaonekana anaficha jambo. Ninachowafundisha ni hiki: gawa ukumbi katika sehemu nne, peleka sentensi nzima kwenye sehemu moja kabla ya kuhamia nyingine, na kwa wazee tazama kwenye paji la uso au katikati ya watu wawili, ukishusha macho kidogo unapomtaja mmojawao kwa heshima. Binti aliyelelewa kutopaza sauti mbele ya wanaume wazima asiambiwe aache malezi yake. Atumie pumzi na irabu badala ya ukali, na ashushe kiimbo mwishoni. Nimewasikia wanawake wenye sauti za upole wakinyamazisha kumbi kubwa kwa njia hiyo tu.

Usiipe slaidi uso na watu mgongo. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, kama hutokea mara nyingi, usiisome na kutafsiri kwa wakati mmoja. Andaa mapema maneno yako: mtaji, riba, dhamana, faida ghafi, mtiririko wa fedha, na uyatamke kama mtu anayeyatumia kila siku.

Koo

Kunywa maji kidogo kidogo kuanzia asubuhi, kwa sababu glasi moja ya dakika za mwisho hulowesha kinywa tu. Chai ya tangawizi inatuliza na inapendeza, lakini unachomeza hupita kwenye umio na hakigusi nyuzi za sauti, kwa hiyo usiitegemee kama dawa. Usisafishe koo kwa kukohoa kwa nguvu, kwani nyuzi hugongana. Meza mate au piga funda la maji. Sauti ikikauka, zungumza kwa upole au nyamaza, wala usinong'one kwa kujikaza. Mkwaruzo ukizidi majuma matatu, nenda kwa daktari.

Maswali na kumaliza

Swali likiulizwa, lirudie kwa ufupi kwa ukumbi wote. Hilo huwafaa waliokuwa mbali, hukupa pumzi, na humhakikishia muulizaji kwamba umemwelewa. Jibu kwanza neno lenyewe, yaani ndiyo, hapana au namba, kisha maelezo. Siku ile mjumbe aliponiuliza juu ya mwani mkavu, nilianza maelezo marefu kabla ya kusema "hapana, tutaacha", na wenzake wakaanza kunong'onezana.

Ombi lako liwe sentensi ya mwisho, nalo ulikariri bila kutazama karatasi: "Tunaomba milioni kumi na nane na laki tano, na miezi kumi na minane ya kuzirejesha." Shusha kiimbo. Baki pale pale kwa pumzi mbili ukiwatazama. Kisha sema "asanteni", ngoja waitikie, ndipo uanze kuondoka. Usiiseme ukiwa umeshageuka na kuanza kukusanya makaratasi.